Gunia la Usipa Kwenye Ofisi ya Kodi

Mkiniona Mbinga mjini nazunguka nyuma ya ofisi ya kodi badala ya kupita mbele, msiniite, nina aibu zangu, na leo nawasimulia kwa sababu mke wangu ameshawasimulia nusu, tena nusu mbaya.

Nilikuwa na mashine ya kusaga inayonilisha, nikaona haitoshi, nikafungua duka la usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa. Baba mkwe, mkulima wa kahawa kule Namswea, alinionya: "Mtu wa milimani usipa anakula, hauzi." Nikamcheka (moyoni, jamani, mkwe hachekwi usoni). Masika nikashuka Mbamba Bay, nikanunua usipa ambao haujakauka vizuri kwa kuwa bei ilikuwa ya chini, nikijiambia utamalizia kukauka huku juu, huku juu kwenyewe jua hatujaliona wiki nzima. Ukavunda. Duka nikafunga, ila kila baba mkwe akiniuliza namjibu biashara inakwenda.

Jirani akaniambia hasara ya duka inaweza kukatwa kwenye faida ya mashine, kodi ikapungua, na mzee asijue kitu, mradi niende na ushahidi. Ushahidi ninao, gunia zima liko stoo, nikalifunga kwenye pikipiki nikaenda nalo.

Nikaliweka kando ya benchi. Mwanzoni watu walivumilia kistaarabu, kisha mama mmoja akajiziba pua kwa kitenge, mlinzi akachungulia chini ya benchi akidhani panya kafia humo, paka wawili wakaingia, na mimi nimekaza macho ukutani utadhani sihusiki, mpaka afisa akatoka kuuliza gunia ni la nani.

"Ni hasara yangu, mheshimiwa," nikasimama. "Nimekuletea uione."

Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje. Afisa, leso puani, akaniambia taratibu, "Kaka, hasara tunaikata kwa risiti. Ya huu mzigo unayo?"

Niitoe wapi? Ufukweni tulipimiana kwa ndoo na akina mama, tukaagana.

Hapo nikasikia kikohozi ninachokijua. Baba mkwe, benchi la nyuma, kaja kwa mambo yake ya kahawa. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Biashara inakwenda?"

Nikainamia gunia. Mzee akainuka, akashika pembe moja ya gunia. Nikamwambia aache, nitabeba mwenyewe (aliyekupa binti unambebeshaje uvundo wako mbele za watu?), akasema, "Shika huko." Tukatoka nalo, paka nyuma yetu, soko zima linatutazama.

Tulipolitua ndipo akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Ungeniambia mapema nguruwe wangu wangeula ukiwa bado unafaa, na hela ya nusu mzigo ningekupa."

Kodi ya mashine nililipa yote. Siku hizi hata karanga nazidai risiti, watu wananiona nimechanganyikiwa, sawa tu. Ila nilichoapa ni kingine: jambo langu likianza kuharibika, kabla halijanuka, napanda pikipiki mpaka Namswea, namwamkia mzee, namwambia.