Bomba Linalonuka Kitunguu Saumu

Mvua haijanyesha siku ya nne sasa, na Idalina Arruda ana furaha. Anateremka ukuta wa bahari kwa makalio, buti za mpira zimemfika mapajani, anakanyaga tope na kwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba la zege uliojificha nyuma ya miiba. Anachuchumaa. Anainamisha pua.

"Njoo unuse," ananiambia.

Jamani, saa moja asubuhi, kahawa yenyewe sijamaliza! Nanusa hivyo hivyo. Kitunguu saumu. Na kwa mbali, zabibu.

"Umesikia? Mvua hakuna, lakini maji yanatoka. Tena yameungwa kabisa," anasema, akijaza maji kichupa.

Hiyo ndiyo kazi yake katika manispaa ya Padanock, huku pwani ya Massachusetts: kutafuta kila bomba linalomwaga maji ya mvua baharini na kuhakikisha linamwaga mvua tu. Maji hayo hayapiti popote kusafishwa. Kinachoingia barabarani ndicho kinachotokea ghubani. Kwa hiyo anasubiri jua liwake siku kadhaa, halafu anazunguka kutazama. Bomba likiwa kavu, anapita zake. Likiwa linatiririka, kuna mtu anamwaga kitu.

Ana midomo tisini na miwili ya kukagua. Alipoanza, baada ya kiwanda cha mashati alichokuwa akishona kufungwa, ramani ilionyesha sitini tu. Mingine ameivumbua mwenyewe. Mmoja ulikuwa chini ya sakafu ya banda la mashua. Mwingine aliugundua wakati wa kiangazi, majani yote yamekauka isipokuwa kichaka kimoja kilichokuwa kimenawiri.

"Niliwaza, hiki kinakunywa wapi?" anasema na kucheka. "Mume wangu anasema hata tukienda matembezi mimi natazama mitaro tu. Kweli. Mitaro inajua mambo ya watu."

Lakini bomba hili la kitunguu saumu halimchekeshi. Ghuba yote iliyo mbele yake imefungwa kwa uchafu, huu mwaka wa sita, hairuhusiwi kuchimba chaza. Kaka yake, Gil, aliishi kwa chaza hao. Siku hizi anaendesha gari hadi ghuba ya mbali kugombea mchanga na wenyeji wasiomtaka, na mwezi uliopita alibandika ubao kwenye mashua yake: Inauzwa. Januari watu wa jimbo watakuja kuchota maji mara ya mwisho. Yakiwa machafu tena, ghuba itafutwa kwenye orodha ya kupimwa.

"Ikifutwa imekwisha. Gil hajui kazi nyingine, na mimi ndiye dada mwenye kazi ya kulitafuta bomba," anasema Idalina. "Unafikiri nalala?"

Amelifuata bomba hilo kinyumenyume, chemba baada ya chemba, akifunua mifuniko na kuangalia ipi ina maji na ipi kavu, mpaka akafika mtaa mmoja mfupi juu ya ghuba. Nyumba zote ni za Wareno wa visiwa vya Azori, watu wake mwenyewe. Ameingia kila nyumba, amemwaga rangi ya kijani chooni na kwenye sinki, huku mwenzake, Bruce Hanlon, akichungulia chemba kama rangi itatokea. Hakuna kijani.

"Nilitoka na mikate mitamu ya kutosha juma zima," anasema. "Jibu sikupata."

Jibu alikuwa nalo, ila hakutaka kulisema. Sisi tunaoishi huku tunajua kila nyumba ya Kireno ina majiko mawili. La juu linang'aa, halijawahi kukaanga samaki. La chini, chini ya nyumba kabisa, ndilo linalopika, linalokamua zabibu, linalolisha ukoo. Manispaa haina habari nalo, na mgeni hashushwi huko.

Na yeye je? Analo?

"Ninalo! Nilianza kwa kupima langu. Ni salama, namshukuru Mungu, la sivyo leo ungekuwa unaandika habari nyingine kabisa."

Basi tunapanda mtaani. Mlango wa kwanza anaochagua ni wa Deolinda Pacheco, mjane wa miaka themanini na mmoja, mama yake wa ubatizo. Anamwita Madrinha, kama wanavyoitwa mama wa ubatizo wote huku.

"We Idalina, umekonda! Hao wa manispaa hawakulishi?"

"Madrinha, leo sikuja kula."

"Umekuja kuugua? Na huyu nani?"

"Mwandishi wa gazeti."

"Ndiyo kabisa! Umeniletea na gazeti!"

"Madrinha, nataka kushuka chini."

Bibi anajifuta mikono kwa aproni, na mikono yenyewe ni mikavu.

"Chini kuna nini? Kuna viazi."

"Viazi havinuki kitunguu saumu mpaka baharini."

Nilidhani tutafukuzwa. Madrinha ananitazama, anamtazama mtoto wake wa ubatizo, halafu anafungua mlango ulio kando ya friji na kutangulia kushuka, akishika ukuta.

Chini kuna joto. Sufuria kubwa ya supu ya sukuma na soseji inachemka, mapipa ya divai yamesuuzwa asubuhi hiyo, na kuna sinki la zege ambamo ungeweza kumwogesha ndama.

"Bomba hili alichimba marehemu Serafim kwa mikono yake," anasema bibi. "La majitaka lipo juu mno, halifikiki kutoka huku. Akatafuta mpaka akapata jingine lililo chini. Alikuwa na akili, mume wangu."

"Alikuwa nayo. Lakini lile ni la mvua."

"Kwa hiyo unanifungia jiko? Nikapikie wapi? Juu?" Analitamka neno hilo kana kwamba anaambiwa akapikie kanisani. "Mimi niliyekushika kichwa ukibatizwa!"

Idalina anatokwa na machozi, na hayafichi.

"Gil anauza mashua, Madrinha."

Bibi anapunguza moto wa supu.

"Anakuja kula hapa, anasifia supu," anasema bibi polepole. "Hajaniambia."

"Anaona haya."

Madrinha anafungua bomba la maji mwenyewe. "Mwaga hiyo rangi yako."

Tunasubiri. Simu inalia. Ni Bruce, yuko kwenye mdomo wa bomba: kijani kimetoka!

"Huyo Bruce ni Mwairishi," anasema Madrinha. "Kwao kila kitu kijani. Nikaone mwenyewe."

Anavaa koti jeusi juu ya aproni na kuteremka mtaa na ndara za nyumbani, hataki kushikwa mkono. Anasimama juu ya ukuta wa bahari. Chini yake maji ya kijani yanatoka, yanapita kwenye tope na kuingia ghubani, kwenye mchanga ule ambao Gil alijifunzia kazi. Anatazama muda mrefu mpaka nikamhurumia.

"Miaka yote hii nawalaumu wenye mahoteli," anasema. "Kumbe ni sufuria zangu."

"Si zako peke yako, Madrinha."

"Najua si zangu peke yangu! Serafim alimchimbia kila mtu mtaa ule. Walimlipa kwa divai." Anageuka. "Twende. Wewe ukibisha hodi watakupa mkate. Mimi watanifungulia chini."

Na kweli wanafungua. Mlango wa kwanza, jirani anaanza kusema kwake kuna viazi tu, na Madrinha anamkata: "Herminia, hata mimi nilisema viazi. Shuka."

Mpaka jioni nyumba saba zimetoa kijani. Idalina hajui bado kama wakubwa wake watayafumbia macho majiko hayo. Anachoomba ni kimoja: kila sinki liwekewe mashine ya kusukuma maji juu hadi kwenye bomba la majitaka, na mtaro wa Serafim uzibwe kabla ardhi haijaganda.

"Nataka Januari waje wachote, wapime, wakose cha kuandika," anasema.

Madrinha hana subira ya Januari. Anamnyang'anya simu na kumpigia Gil pale pale barabarani, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Nani kakuruhusu kuuza mashua? ... Sijui kama wataifungua ghuba, mimi si Mungu. Ubao utoe ... Usinililie, we mtoto. Jumamosi uje na koleo tuuzibe mtaro, uanzie kwangu."