Kaburi moja Jomvu Kuu: la rubani aliyepotea vitani, au la mume wa Bi Mwanaisha?

Wakuu, salaam zenu.

Uzi huu nimeuanza na kuufuta mara kadhaa, kwa sababu mpaka leo sina hakika nasimulia kisa cha nani. Haya niliyaona mwenyewe au niliambiwa ana kwa ana. Pale nisipojua nitasema sijui. Majina nimeyabadilisha, maana wajukuu wa wahusika wapo na huenda wengine wamo humu humu jukwaani.

Mimi sasa ni mzee. Wakati ninaousimulia, miaka michache kabla ya uhuru, nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu. Kwetu ni Timbwani, Likoni, lakini nilipangiwa shule ya Jomvu Kuu.

Nilikuwa na imani moja kubwa: kwamba nchi inayokaribia kujitawala haina budi kuujua ukweli wake wote, na kwamba ukweli haumdhuru mtu mwema. Mniwie radhi, ndio umri niliokuwa nao.

Basi akaja shuleni Mzungu mmoja, nitamwita Bwana Wilson. Alifanya kazi bandarini, lakini wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa fundi wa ndege katika kiwanja cha jeshi upande wa Changamwe.

Ndege moja iliondoka pale, ikaangukia mikoko ya Jomvu na kuungua. Waliokuwamo ni watatu. Jeshi likawapata wawili. Wa tatu, rubani kijana, hakuonekana tena.

Bwana Wilson hakutumwa na mtu. Jumapili zake alizitumia kutafuta mahali ndege zilipoanguka na watu waliopotea nazo. Mama wa yule rubani alikuwa hai, naye alitaka kujua jambo moja tu: kama mwanawe alizikwa.

Alinihitaji niwe mkalimani, kwa sababu kila alipouliza alijibiwa "hatujui" na kukaribishwa kahawa. Nikakubali pale pale.

Nilianza na Mzee Athumani, mvuvi aliyekwisha kuacha bahari.

"Mwalimu, huyu yuwataka nini na vita vilivyokwisha?"

"Amtafuta mtu wao, mzee."

"Watu wao waliwachukua. Sisi tulimuokota wetu."

"Wenu nani?"

"Juma, mume wa Mwanaisha. Alikuwa kibarua kule kiwanjani, kazi yake kupakia mafuta. Siku ya ndege hakurudi. Baadaye tukamkuta mikokoni, ameungua. Tukamzika."

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Kibarua wa kiwanjani ataunguaje mikokoni, mbali na kazi yake?

Nikamuuliza Bwana Wilson. Akafikiri sana, kisha akasema wanajeshi wakati mwingine walikuwa wakimpandisha kibarua ndegeni kwa mzaha, bila ruhusa na bila kumwandika popote. Siku ile je? Hakuweza kuapa.

Kwa hiyo huenda walikuwa watatu, huenda walikuwa wanne.

Nikarudi kwa Mzee Athumani. "Mlimjuaje, mzee, naye ameungua?"

Akacheka. "Wewe umesomea ualimu au upolisi?"

 Alipomaliza kucheka akasema, "Urefu ulikuwa wake. Kadhi alitaka mashahidi wawili. Mimi na marehemu kaka yangu tukasema ni yeye. Mguuni alikuwa na buti la kufunga kamba."

"Vibarua walikuwa wakipewa buti?"

"Kupewa, la. Wengine walijipatia." Akaniangalia. "Mwanaisha alikuwa msichana mbichi, mwalimu. Mumewe amepotea, maiti hakuna. Si mke, si mjane, kuolewa hawezi. Ulitaka tumwache vile mpaka lini?"

Kwa ndugu zangu wasio Waislamu, nieleze kidogo. Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kisha huwa huru kuolewa. Mume akipotea bila habari, mke hubaki anasubiri tu, na kusubiri huko huweza kumaliza ujana wote.

Kwa ushahidi wa wale ndugu wawili, Mwanaisha alikaa eda, ikaisha, akaolewa na Bwana Shee, seremala mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Walipata binti mmoja. Na binti huyo arusi yake ilikuwa karibu, Bwana Shee amuozeshe kwa mkono wake.

Mnaona mahali nilipojikuta. Ikivuma kwamba mle kaburini mna rubani Mkristo, na kwamba kifo cha Juma hakikuthibiti, watu wangeuliza ndoa ya mama wa bibi arusi ilisimama juu ya nini, na Bwana Shee anamuozesha binti kwa haki gani. Huko ng'ambo nako kuna mama anayengoja jibu ninalolijua nusu.

Nikaona mwenye haki ya kuamua si mimi. Nikaenda kwa Bi Mwanaisha baada ya alasiri. Nilimkuta uani akipepeta mchele wa arusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nimesikia wapita ukiuliza watu. Nikawa nangoja zamu yangu."

Nikaeleza kwa kuzunguka sana, kwa adabu zote nilizofundishwa. Ungo haukusimama. Nilipomaliza akauliza, "Athumani amekwambia ni nani aliyemuosha?"

"Hakuniambia."

"Ni mimi. Mke ana ruhusa kumuosha mumewe. Wanaume walisita kwa vile alivyokuwa. Nikawaambia wanipishe."

Nikauliza swali ambalo hata leo sijui kama nilikuwa na haki nalo. "Na alikuwa ni yeye, mama?"

 Alitoa chuya kadhaa kwenye ungo, akazitupa kando.

"Huyo mamake yu hai?"

"Yu hai. Ni mzee sana."

"Basi mwambie Mzungu wako amfikishie haya. Mwanawe alioshwa. Kwa maji ya vuguvugu, taratibu, na mtu aliyekuwa akilia. Akavikwa sanda, hakutupwa."

"Na kaburi, mama?"

"Kaburi ni la Juma. Umenisikia, mwalimu?"

"Nimekusikia."

"Haya. Ukitoka nirudishie mlango, kuku hawa wataniingilia kwenye mchele."

Nilimfikishia Bwana Wilson maneno yale, lakini mahali pa kaburi nikakataa kupataja. Akawa mwekundu. Akasema mimi si mwenye ukweli ule hata niugawe nitakavyo, na kwamba serikali inaweza kuchimba. Nikamjibu kuwa pasipo mtu wa kumwonyesha hatajua achimbe wapi.

Akaingia garini, asiondoke. Mwishowe akateremsha kioo, akaniomba nirudie yale ya maji. Nikarudia neno kwa neno. Akaondoka, na Jomvu hakurudi tena.

Arusi ilifanyika. Bwana Shee alimuozesha bintiye, sauti ikimtetemeka kwa furaha. Mimi nilikaa jamvini mbele ya sinia ya pilau, nikala kama mgonjwa.

Nilichojifunza, ikiwa kweli nimejifunza, ni kwamba ukweli mmoja unaweza kuwa na wadai wawili, wote wema, na ukimlipa mmoja wote, umemnyima mwenzake. Chuoni hawakunifundisha ufanye nini hapo. Wenye elimu ya dini na ya sheria humu, nisahihisheni: nilificha kosa, au nilisitiri watu?

Lakini wakuu, linalonisumbua zaidi ni jingine. Kama waliyemzika ni rubani, Juma yuko wapi? Alikimbia? Alizama? Au alipandishwa ndegeni kwa mzaha, akawa mmoja wa wale wawili ambao jeshi liliwachukua, na leo amelala makaburi ya wanajeshi chini ya jina la Mzungu?

Bwana Wilson alikuwa na majina matatu ya waliokuwamo ndegeni. La Juma halikuwamo. Nami, kijana wa ukweli wa nchi yetu, Jumapili zangu zote nilimuulizia rubani.

Ikiwa katika ukoo wenu yuko kibarua wa kiwanja kile, aliyetoka asubuhi moja ya vita kwenda kupakia mafuta na asirudi, liandike jina lake hapa chini. Jina tu latosha. Nitayasoma yote.