Titi la Kushoto

Mama mkwe wangu alifika mtaani kwetu Kware akiwa amebeba kuku hai kwenye kikapu, ndizi mbivu na unga wa wimbi. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza siku chache zilizotangulia. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki zamani, nikiwa bado shuleni, na mume wangu alipoona jinsi nilivyomshika mtoto kama mtu aliyebebeshwa sufuria ya moto, alimpigia mamake simu kule magharibi akamwambia, "Mama, njoo."

Hatukuwa tumezoeana. Alitaka mwanawe aoe msichana wa kwao, anayejua kupika mrenda na kuongea Kiluhya. Badala yake alipata msusi aliyezaliwa Kariobangi, anayeongea Kiswahili cha mtaani kisichojali ngeli. Tulikuwa tumeonana mara chache tu, na mara zote alinisalimia kwa adabu kama mtu anavyosalimia karani wa ofisi. Kwa hiyo nilipomwona mlangoni akihema baada ya kupanda ngazi zote za ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuanza kuomba radhi. Nyumba ni ndogo, Mama. Maji hutekwa chini, Mama. Akaweka kikapu sakafuni, akanawa mikono, akasema, "Nipe mtoto."

Tuliishi katika chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Upande mmoja kitanda, upande mwingine jiko, viti na godoro la Mama. Mume wangu alikuwa shifti ya usiku katika kiwanda cha plastiki, kwa hiyo mchana yeye ndiye aliyekuwa amelala nyuma ya pazia, nasi tukizungumza kwa sauti ya chini. Mama alimwogesha mtoto, akanipikia uji wa wimbi na mchuzi wa kuku, akafua nepi na kuzianika kwenye vyuma vya dirisha. Hakulalamika hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika kimoyomoyo, kwa sababu kila nilichofanya niliona kama anakipima.

Maziwa yaliposhuka, yalishuka kwa fujo. Matiti yote mawili yalijaa mpaka yakawa magumu kama mawe, na mtoto akawa anashindwa kushika chuchu. Mama alinitazama nikilia, akashuka hadi kwa mama mboga aliyeuza pale mlangoni mwa ploti, akarudi na kabichi zima. Hatukuwa na friji. Akayaloweka majani kwenye beseni la maji baridi, akayaponda kidogo kwa chupa, akanipachika moja moja ndani ya sidiria. Nilijihisi mjinga, nimekaa na kabichi kifuani. Lakini baada ya muda maumivu yalipungua, mtoto akanyonya, nami nikalala usingizi wa kwanza wa maana tangu nitoke hospitali.

Titi la kulia lilipona kabisa. La kushoto lilikuwa na chuchu iliyopasuka, ufa mdogo tu ulioniuma kila mtoto alipolishika, na kwa sababu ya uchungu huo nikawa nalikwepa. Nilimpa mtoto la kulia, halafu la kulia tena. Ndipo likazuka baka jekundu upande wa nje, la moto, lenye umbo la kipande cha chungwa.

"Mtoto amelibeulia," Mama alisema.

Kwao, na kwa wengi wa magharibi, inasemekana mtoto akibeua huku mdomo ungali kwenye titi, ile pumzi hurudi ndani na titi huvimba. Dawa yake ni kuchana. Akafungua mkoba wangu wa kazi, akatoa kitana kikubwa nilichokitumia kwa wateja wangu, akakiosha na kukipasha kwa maji ya moto. Akalichana titi taratibu, kutoka juu kuelekea kwenye chuchu, akinong'ona maneno ya lugha yao. Sikujua kama ninaamini. Ila maziwa yalidondoka, na mikono yake ilikuwa myepesi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuguswa naye kwa muda mrefu hivyo. Sikutaka aache.

Jirani wa mlango wa pili naye alileta msaada. Alikuwa mama Mwislamu, wazazi wake walikuwa wamekimbilia Kenya kutoka Somalia, na yeye aliuza viungo sokoni. Alikuja na chupa ya asali na habasoda iliyosagwa ndani ya kijikaratasi. "Paka kwenye ule ufa, mama," aliniambia. "Kwetu asali ni dawa ya kila kidonda." Mama mkwe alipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati. "Tumalize hili la kitana kwanza," akasema.

Kesho yake mchana nilianza kutetemeka. Jua lilikuwa linachoma mabati ya ng'ambo, nami nilikuwa nimejifunika blanketi na sweta ya mume wangu, meno yanagongana. Titi lilikuwa limekaza na kung'aa. Baka lile lilikuwa limetambaa mpaka karibu na kwapa. Kichwa, mgongo, viungo, vyote vilikuwa vinauma kama mtu mwenye malaria. Kuna mwanamke wa ghorofa ya chini aliyechungulia akashauri nimwachishe mtoto mara moja, eti maziwa yalikuwa yameoza. Mama alimshukuru, akafunga mlango.

Akaja kuketi kando yangu na kitana mkononi. Akaliangalia titi kwa muda. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, kisha kwenye titi, kisha tena kwenye paji. Halafu akakiweka kitana chini.

"Nilikuwa na umri kama wako," akaanza, kwa sauti ya chini. "Mama mkwe wangu alinichana. Akanipaka majani. Akanichana tena. Nikawa natetemeka hivi hivi unavyotetemeka. Kila mtu akasema ningoje, dawa inafanya kazi. Hospitali ilikuwa mbali, na mahindi yalikuwa yanangoja kupaliliwa. Waliponibeba kwa baiskeli, titi lilikuwa limekwisha kupasuka lenyewe."

Akafungua vifungo vya blauzi yake. Sikujua nitazame wapi. Nilikuwa nimelelewa kwamba mtu mzima hamwangalii mtu mzima akivua nguo, sembuse mama mkwe. Lakini alitaka nione. Titi lake la kushoto lilikuwa na kovu lililozama, kama mahali kidole kimebonyeza unga wa ugali, na ngozi imevutwa kuelekea ndani.

"Huyo aliyelala hapo nyuma ya pazia," akasema, "amenyonya upande mmoja mpaka alipoacha."

Akafunga vifungo vyake. "Majani ni mazuri. Kitana ni kizuri. Lakini homa ikishaingia, kazi yao imeisha. Inuka, mwanangu. Twende hospitali."

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu.

Pazia lilifunguka. Mume wangu alisimama pale, macho mekundu ya usingizi. Akasema, "Nikimbie kwa chemist ninunue vidonge?"

"Utamwambia muuzaji nini?" Mama alimjibu. "Titi hajaliona, utamletea dawa ya nini? Tafuta tuktuk."

Mama alimfunga mtoto mgongoni. Yule jirani wa viungo, aliposikia mlango, alitoka bila hata kuuliza, akanishika mkono na kunishusha ngazi moja moja huku akisema, "Pole, mama. Pole. Bado kidogo." Mume wangu alikuwa chini akitungoja na tuktuk.

Katika kituo cha afya tulipokewa na muuguzi wa makamo, mwenye miwani. Alinipima joto, akanawa, akalipapasa titi kwa ncha za vidole akitafuta mahali palipolegea. Nilikuwa nimejiandaa kuona kisu. Alipomaliza alishusha pumzi.

"Bado halijatunga usaha," akasema. "Lingetunga, tungelazimika kulitoboa tuutoe. Mmekuja wakati mzuri."

Alitueleza kwamba bakteria walikuwa wamepita kwenye ule ufa wa chuchu, wakakuta maziwa yaliyokwama kwa sababu nilikuwa naliepuka titi hilo, wakastawi. Nilihitaji dawa ya kuwaua. Akaniuliza kama penisilini iliwahi kunidhuru, nikasema hapana. Akamwita daktari, kijana mpole ambaye naye alilitazama titi, akaandika kapsuli za antibayotiki na za kutuliza maumivu.

"Na uendelee kunyonyesha," muuguzi akaongeza. "Hata upande huo."

Mama mkwe akasogea mbele. "Hata upande huo? Maziwa hayatamdhuru mtoto?"

"Hayatamdhuru, Mama. Na dawa hii haina shida kwa mtoto. Titi likikaa limejaa ndipo litazidi kuharibika. Huyu mtoto ndiye msaidizi wenu mkubwa."

Hapo Mama akafanya jambo ambalo mpaka leo ninalikumbuka kwa heshima. Wengi wetu tukifika hospitali huficha tulichokuwa tunatumia nyumbani, tukiogopa kukaripiwa. Yeye alikaa wima, mikono mapajani, akaeleza yote.

"Nimemwekea majani ya kabichi. Nimekosea?"

"Hujakosea. Yanapoza, yanapunguza kujaa. Unaweza kuendelea. Ila hayaui bakteria."

"Na kitana?"

Muuguzi akacheka kidogo. "Hata mimi bibi yangu alinichana. Iwe kama kupapasa tu, Mama. Ukikandamiza unaumiza ndani."

"Kuna jirani ametuletea asali."

"Asali inasaidia vidonda vingine, hata hospitalini kuna wakati hutumika. Lakini si hapo kwenye chuchu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali, inaweza kumletea ugonjwa mbaya."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehifadhi jambo. Kisha muuguzi akanifundisha kumshikisha mtoto titi vizuri, mdomo wazi, ameingiza zaidi ya chuchu. Kumbe muda wote nilikuwa namshika vibaya, wala hakuna aliyekuwa amenionyesha. Mtoto alinyonya pale pale kwenye benchi. Niliuma midomo kwa uchungu, Mama akinipapasa mgongo.

Dawa zilitakiwa kumezwa kabla ya kula, kwa nafasi zilizogawanywa sawa. Mama hakuwa na haja ya saa. Ya kwanza alinipa adhana ya alfajiri iliposikika kutoka msikiti wa mtaani, kabla hajawasha jiko la uji. Nyingine watoto wa shule walipokuwa wakirudi kula, nyingine mume wangu akivaa viatu vya kwenda kazini, na ya mwisho kabla sijalala. Katikati alibadilisha majani ya kabichi, na kila mtoto alipoamka alimweka upande wa kushoto kwanza.

Homa ilishuka upesi kuliko nilivyotarajia. Baka likaanza kufifia kutoka pembeni. Shida ikawa tumbo. Zile kapsuli zilinivuruga, nikawa nachoka kuziona. Asubuhi moja nikamwambia, "Mama, nimepona. Angalia. Hizi zilizobaki tuwekee siku nyingine."

"Umeambiwa umalize?"

"Nimeambiwa, lakini—"

"Mdudu aliyelala si mdudu aliyekufa," akasema, akaniwekea glasi ya maji mkononi. Alisimama pale mpaka nikameza. Nilinuna kidogo, nikimeza. Zilipokwisha, alikagua pakiti tupu kwa kubonyeza kila tundu kwa kidole, ndipo akaitupa.

Kuhusu asali, nilihofu jirani angeudhika. Mama alimwita chai akamweleza waziwazi alivyoelezwa hospitalini. Yule mama alishtuka, akajishika kifua. "Astaghfirullahi, mimi sikujua! Na wajukuu wangu je?" Halafu akaanza kucheka. "Basi hiyo tutakula sisi wenyewe." Wakaimalizia na chapati, wanawake wawili ambao hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakizungumza Kiswahili cha kukutania katikati. Kuanzia hapo jirani alikuwa akinipandishia mtungi wa maji kila alipopanda na wake, na sikuwahi kumwomba.

Mama alikaa nasi mpaka nilipoweza kumwogesha mtoto bila kuogopa. Siku ya kuondoka, mume wangu alichukua mkoba wa Mama, akasita mlangoni. Tangu ule mchana wa pazia hakuwa amegusia habari ya lile kovu. Nilijua alikuwa amesikia kila neno.

"Mama," akasema, "mimi sikuwahi kujua kuhusu hilo titi."

Mama alimtazama kana kwamba ameuliza swali la kitoto. "Ungejuaje? Kazi yako ilikuwa kunyonya tu."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwani. Mume wangu naye akacheka, kisha akageuka upande akajifanya anakaza zipu ya mkoba. Alipoinuka alimshika mamake mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Asante, Mama." Wakashuka ngazi.

Mtoto yule sasa ni msichana wa shule ya chekechea, ana maneno mengi kuliko mimi. Baadaye nilimzaa mdogo wake, na safari hiyo hakuna titi lililouma, maana nilijua kumshika mtoto tangu siku ya kwanza. Mama alikuja hata hivyo. Alisema anakuja kula chapati kwa jirani.

Saluni kwangu wanawake huzungumza mengi kuhusu mama wakwe, nami huwa nasikiliza huku nikisuka. Zamu yangu ikifika huwa sina la kuchangia. Husema tu kwamba wangu yupo, ni mzima, na kwamba Jumapili baada ya kanisa yeye hunipigia simu mimi kabla hajampigia mwanawe. Huniuliza nimekula nini. Nami humweleza kila kitu.