Shakwe Waliotugeuzia Mgongo

Samaki wanaokaushwa juani hunuka chumvi kwanza, kisha ngozi mbichi, kisha nguo zako zote hunuka hivyo hadi Jumamosi inayofuata. Harufu hiyo ndiyo iliyotupokea Kalokol, ufukweni mwa ziwa, kila Jumapili ya kiangazi kimoja cha miaka ya sabini, tukitoka Lodwar nyuma ya lori la serikali, kwa sababu Baba alikuwa amenunua kamera. Alikuwa karani wa ujenzi, Mbukusu aliyekaa Kakuma muda mrefu akitazama mto usio na maji. Alipohamishiwa Lodwar na kugundua kwamba asubuhi moja tu ya mwendo ingemfikisha kwenye ziwa lenye shakwe, akili zikamruka. Alitaka picha moja: shakwe wamejipanga juu ya gati la mawe wakiitazama kamera, kama maofisa siku ya kuagwa bosi.

Mama naye alitaka picha moja. Nyanya, mama yake, alikuwa mgonjwa huko Bungoma, na hakuwa amemwona Wafula, mdogo wangu aliyezaliwa huku kwenye joto. Kila barua iliuliza mtoto amefanana na nani. Filamu ilitoka Kitale kwa kumbembeleza dereva, na kila ilipofika Baba aliapa kwamba safari hii picha ya mwisho ni ya Wafula. Kisha shakwe mmoja alijikuna, na filamu ikaisha.

Shida ni kwamba pale upepo huvuma kutoka ziwani asubuhi yote, na shakwe hukaa wakiuelekea ili manyoya yasifumuke. Sisi tulikuwa nchi kavu, kwa hiyo tulionyeshwa mikia. Baba aliniamuru nikimbie gatini nikawageuze. Wakaruka, wakapiga kelele, wakatua na mikia ikiwa pale pale. Nikaamriwa tena. Mimi ambaye baadaye nilikuja kulipwa kuwafundisha vijana wa chuo kikuu kuhoji kila kitu sikuhoji chochote, nilikimbia tu. Mwanamke mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akipasua samaki alimsalimu Baba, ejok, kisha akamwuliza kwa upole, "Sasa wewe nataka uso ya ndege ya nini? Hii haina nyama." Baba akamweleza habari za sanaa. Yeye akarudi kwa samaki wake.

Jumapili moja Mama alikuja na barua mfukoni: Nyanya alikuwa haamki tena kitandani. Wafula alikuwa ameogeshwa na kuvishwa kofia ya sufu, katika jua lile. Katika filamu ilibaki picha moja, na jicho la Baba lilikuwa gatini.

"Baba Naliaka," Mama akamwita kwa jina langu, "mpige mtoto picha."

"Ngoja kidogo. Yule wa mwisho anageuka."

"Akishageuka," Mama akasema, "mpeleke Bungoma akamsalimie mama mkwe wako."

Akamfunga Wafula mgongoni kwa leso, akashika njia ya kwenda kwenye lori. Baba akageuka kumwita, kamera ingali usoni, nikasikia ikilia. Kama alikusudia au kidole kiliteleza, hakusema hata alipozeeka.

Picha iliporudi kutoka Kitale, ilionyesha mgongo wa Mama, mabega juu, hasira tupu. Na juu ya leso, kichwa kikiwa kimegeuka kututazama, uso mzima wa Wafula. Mama mdogo aliandika kwamba Nyanya aliishika siku nzima. Alisema mtoto ni baba yake mtupu, maskini, na kwamba mgongo ule anaujua; alikuwa akiuona kila alipomtuma bintiye kisimani. Alifariki kabla ya mvua.

Sasa Wafula ana mvi na anafanya kazi Kakuma. Kila asubuhi hunitumia picha kwa simu: chai yake, mbuzi wa jirani, yeye mwenyewe akitabasamu kutoka kila upande. Simu hulalamika kwamba imejaa na kuniuliza kama nifute. Nafuta nyingine kabla sijazifungua. Sijawahi kujutia hata moja, na hilo ndilo linaloniudhi.