Moto Uliotaka Kuniingia Tumboni

Asubuhi ile nilikuwa na habari moja tu, na ilikuwa ikinichekesha peke yangu njiani: nina mimba! Mume wangu alikuwa Ubundu, akipakua mizigo ya treni, na njia ya haraka ya kumpata ilikuwa foni, ile redio ya kuzungumza na miji ya mbali. Ubundu walisikika asubuhi tu. Ukichelewa, rudi kesho. Na mimi hadi kesho ningepasuka.

Nilikwenda na mama mkwe, mzaliwa wa Isangi, mwenye Kilingala kinachojaa mdomo na Kiswahili cha sokoni. Mwenye mashine aliona ninavyoshika tumbo, akainua mkono.

"Citoyenne, usikaribie antenne! Nikifinya bouton, ondes, ile mawimbi ya redio, zinaingia mu mwili, zinaleta moto kidogo."

Alimaanisha joto. Lakini kwa Kilingala, moto ni mtu. Mama mkwe akanikamata kitenge.

"Te, hapana! Ndani iko moto tayari! Huyu mwingine ataikala wapi? Na iko wa nani?"

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Mimi nilitaka kulia, maana Ubundu walikuwa wameshaanza kuita.

"Mama, si mutu," mwenye mashine akamwambia. "Moto. Ya kupikia."

"Ya kupikia? Mu tumbo ya mutoto?"

Basi ikawa mbaya zaidi. Mama mkwe alinisukuma hadi mlangoni, akarudi kuchukua maikrofoni mwenyewe, akapaza sauti kana kwamba Ubundu ni ng'ambo ya mto.

"Mwana yangu! Bibi yako iko na moto mu tumbo!"

Redio ikakwaruza. Kisha sauti ya mume wangu, imejaa hofu: "Mama! Mumupeleke hospitali! Mumupe maji!"

"Mutoto!" nikapiga kelele kutoka mlangoni. "Iko mutoto! Wa kwako!"

Halafu tukasikia kelele za wapakuzi wote wa Ubundu, na yeye katikati yao akiita jina langu. Nilirukaruka kama msichana, mimba na yote.

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri mama mkwe. Alikuwa ameipa mashine mgongo, mkono mmoja maikrofoni, mwingine umetandaza kitenge chake kati ya waya wa antena na mimi. Jasho lilimtoka.

"Mama, toka hapo," nikamwambia. "Utaungua."

"Miye nilishazala batoto," akasema, bila kusogea. "Iingie kwangu."