Gari Isiyobeba Gunia

Pikapu letu la zamani nimelisema vibaya tangu darasa la tano, na sasa niko kidato cha tatu. Nilikuwa naigiza mlio wake darasani mwalimu akiandika ubaoni: kikohozi, kikohozi, kimya kirefu, halafu mlipuko. Wenzangu walijua mpaka sehemu ya kushuka na kusukuma. Mlango wa abiria ulifungwa kwa mpira wa baiskeli, na kioo cha upande wangu nilikipandisha kwa viganja viwili, kama mtu anayeomba dua.

Ila aliyelichoka zaidi ni Baba. Aliendesha malori ya watu miaka na miaka kabla hajafungua duka la mbegu hapa Mpanda, na alipopata gari lake mwenyewe likawa la mtaa wetu mzima wa Misunkumilo. Ukiwa na pikapu mji huu, huna pikapu, umewatunzia tu wenzako. Mahindi ya jirani, kitanda cha anayehama, matofali ya kanisa, jeneza. Na hakuna anayeomba gari. Wote wanaomba "kidogo tu."

Jumapili moja mjomba alifika na beberu, kamba mkononi, hata salamu hajatoa.

"Shemeji, nitupie kidogo tu hapo Kibaoni."

Hapo Kibaoni! Mtu anakatisha hifadhi nzima ya wanyama, anaita hapo. Baba alimtazama mjomba, akamtazama beberu, akawapeleka. Aliporudi alisema anauza. Anataka gari ndogo, saluni, yenye buti ambayo hata beberu ataona aibu kuingia.

"Maisha yangu yote nimeendesha mizigo," alisema. "Sasa nataka niendeshe gari."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Na mama yako wa Kasansa atakuja na nini?"

"Si atakaa mbele kama bosi," nikadakia. Tukacheka wote isipokuwa Mama.

Mama yake Baba, yaani bibi yangu, alikuwa anaishi Kasansa kwa baba mdogo, huko familia yetu ilikofikia na ng'ombe kutoka kaskazini. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho. Mimi na yeye ni watani, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu. Ananiita mme wangu, namwita mke mkubwa. Kila pikapu lilipomleta mjini alinipapasa kidevu. "Nyie mnanidanganya, huyu hana ndevu. Nikitibiwa macho nitahakikisha mwenyewe."

Dalali alikuwa amepanga magari matatu nyuma ya kituo cha mafuta. La kwanza lilikuwa limeinuka juu, ila injini yake ilikuwa ndogo. Baba aliliendesha akarudi na uso wa mtu aliyetoka kikao cha wazazi. La pili lilikuwa refu, lina nafasi nyuma. Baba aliifungua ile nafasi, akaona kama magunia ya watu yameshajaa humo, akaifunga. La tatu lilikuwa saluni ya bluu, gia za mkono, imeinama chini kama paka anayenyemelea. Tulitoka nayo barabara ya Sitalike. Kwenye lami Baba akapanga gia ya tatu, ya nne, ikaingia kona bila kuyumba, na Baba akacheka. Si kwamba nilisema kitu. Alicheka peke yake, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani.

Tuliporudi dalali akapiga teke dogo kwenye tairi. Nampa haki yake, alisema ukweli. "Mzee, sikufichi, hii iko chini. Vijijini mnaendaga?"

Baba akainama kuangalia chini ya gari. Nilijua anaifikiria Kasansa. Akanigeukia. "Haya, wewe domo kaya, sema."

"Vijijini tunaendaga kwa simu, broo," nikamwambia dalali.

Baba akacheka tena, kile kicheko cha kwenye kona, na jambo likaisha. Pikapu likanunuliwa na mfanyabiashara wa mchele wa Kibaoni.

Miezi iliyofuata ilikuwa mitamu, siwezi kukana. Mjomba alikuja na gunia, akachungulia buti, akakaa kunywa chai akaondoka na gunia lake. Baba alikuwa akifunga duka anazunguka mji bila kwenda popote. Mvua zikaanza. Kisha likapita tangazo kwamba madaktari wa kupasua macho watakuwa hospitali ya hapa mjini kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Hapa ndipo kosa lilipo, na ni la kipuuzi sana. Enzi za pikapu, safari yetu ilianzaga jana yake. Baba alijua litakufa njiani, kwa hiyo aliondoka siku moja kabla, wakati mwingine mbili, ana chapati na waya na dumu la maji. Tulifika tukiwa wachafu, lakini tulifika. Sasa tulikuwa na gari zima.

"Nenda kamchukue mama yako Jumatatu," Mama alisema.

"Msimu wa mbegu huu, nifunge duka siku zote hizo? Alhamisi alfajiri naondoka, jioni niko naye hapa."

"Mama, hiyo si mkokoteni," nikaongeza. Ni kweli nililisema.

Alhamisi tulipita Kibaoni tukipiga mluzi. Baada ya hapo lami ikabaki nyuma, ukaja udongo wa mbuga, ule mweusi unaoshika mguu mpaka unaacha kiatu. Saluni ikalala kifudifudi. Tairi zilizunguka hewani. Nilisukuma mpaka tope likaingia masikioni, Baba akakanyaga mafuta kwa hasira, ikaruka mbele na kugonga jiwe, na oili yote ikamwagika.

Tukampigia simu baba mdogo, akaja na ng'ombe wawili na mkokoteni, bibi akiwa amekaa juu amefunikwa turubai. Alishushwa akaipapasa gari, kuanzia taa mpaka mgongoni.

"Mme wangu, mbona fupi hivi? Umenichagulia kitanda?"

"Ni ya kisasa, mke mkubwa."

"Ya kisasa, na ng'ombe wangu ndio wanaivuta."

Baba mdogo alicheka. Baba alikuwa amesogea pembeni na simu, anampigia yule mnunuzi wa pikapu. Nilimsikia vizuri. "Ndugu yangu, naomba unitupie kidogo tu. Hapo Mpanda."

Mtu yule alikuwa mbali na mzigo wake, akatufikia Ijumaa asubuhi. Bibi aliwekwa mbele. Aliposikia ule mpira wa baiskeli ukifungwa mlangoni alitabasamu: "Huyu namjua." Mimi na Baba tulikaa nyuma juu ya magunia, mizigo ya mtu. Katikati ya safari lilianza. Kikohozi, kikohozi, kimya. Baba aliruka chini kabla ya dereva, akafunga waya anaoujua yeye, likawaka. Mbele kidogo likafa tena. Baba wa enzi za pikapu angekuwa ameondoka Jumatatu.

Tulifika hospitali jua linazama. Nesi alitoka na kanga begani, mwenye huruma, akatuambia wale madaktari wameshafungasha vifaa na kuondoka mchana. Wakirudi tena itatangazwa.

"Mwezi ujao?" Baba aliuliza.

"Mzee, mara ya mwisho walikuja mwaka jana."

Sasa bibi anaishi kwetu, anasubiri tangazo. Saluni ilitengenezwa. Jumapili Baba humzungusha kwenye lami, polepole, gia ya pili, hapiti hapo, na sijasikia kile kicheko tena. Shuleni wananiomba niigize pikapu. Nawaambia limeuzwa.

Juzi nilikuwa naiosha gari, bibi amekaa kwenye kigoda karibu yangu. Zamani alikuwa anaona kivuli cha mtu akipita. Sasa hata mimi huniuliza nani.

"Mme wangu, hivi hili gari ulilonichagulia ni la rangi gani?"

"Bluu."

Akashika upindo wa kitenge alichovaa, akaunyoosha kuelekea kwangu. "Bluu kama hii?"

"Hiyohiyo, mke mkubwa."

Akaridhika, akaupapasa kwa vidole. Kitenge alichokuwa amevaa ni cha kijani. Cha bluu kilikuwa kwenye kamba, kinachuruzika maji.