Mwenye Gari Yuko Nyuma

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kituo cha petroli, barabara ya Ahero, kikaingia kigari cha kabla ya Uhuru, milango miwili, viti viwili, rangi ya kiini cha yai. Fundi wa magari, na ovaroli yake, ndiye aliyeshika usukani. Kando yake aliketi mama mzee, wima kama yuko kanisani. Nyuma yao akafika bwana mwenye tai, juu ya baiskeli, jasho likimtiririka. Akatoa leso, akapangusa taa za gari kwanza, ndipo akajifuta uso.

“Gari ni ya nani?” nikamuuliza.

“Yangu.”

“Na baiskeli?”

Akashusha sauti. “Yule ni mama mkwe. Sisi Wajaluo mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe. Na hii gari, bwana, viti vyote ni bega kwa bega.”

“Si ununue kubwa?”

Akanitazama kana kwamba nimemwambia abadilishe mke.

Mama, uso ameuelekeza barabarani, akamwambia fundi: “Twende polepole. Mwenye gari asiachwe.”

Nimezoea kusikia kwamba heshima huja na gari kubwa. Niliyoiona Jumamosi ilifuata kigari kidogo, ikipiga pedali.